Shafti Niliyoikaza Mbele ya Baba Mkwe

Mimi shule niliipita kama lori la chai linavyoipita stendi ya Ibighi: halisimami. Lakini propela za meli nazijua. Wakiniita Mwanza naenda, Kigoma naenda, nikirudi Tukuyu nawaambia watu nimebeba shafti begani peke yangu, ndefu kutoka sokoni mpaka stendi. Wanacheka, wananinunulia chai.

Safari hiyo nilishuka Kyela tu, nikasafiri na meli niliyotoka kuifanyia matengenezo. Baba mkwe wangu wa Kyimo naye akapanda. Dada yake, aliyeolewa Manda, kule meli ilikokuwa inaelekea, alikuwa amefariki. Kwa simu walimwambia mazishi yatamngoja mpaka mchana wa kesho yake, basi, maana joto la ziwani halina subira.

Akashuka chumba cha injini kunisalimia, bado kavaa koti lake la baridi ya Kyimo, jasho linamtoka ndoo nzima. Akaona matone.

"Mkwe, mbona panavuja?"

Pale shafti inapotokea nje kwenda kwenye propela, tunaizungushia kamba yenye girisi, tunaibana kwa nati. Maji lazima yadondoke kidogo, ndiyo yanayoipoza. Ningemwambia hivyo, yangeisha. Lakini mkwe wako akuone fundi mzima na chombo chako kinavuja? Aibu ilinipanda mpaka kwenye nywele. Nikachukua spana, nikakaza. Nikakaza tena.

Mwenzangu wa mashine akaninong'oneza, "Kaka, utaiua hiyo."

"Tulia wewe. Mimi hizi nazilea."

Pakakauka kabisa. Mzee akaitikia kwa kichwa, kafurahi. "Ndaga, asante mkwe. Sasa nitalala."

Asubuhi, tukiwa katikati ya maji, ukaja moshi unaonuka kama nyumba nzima ya matairi inaungua. Kamba imeungua, shafti ya moto. Nahodha akazima injini.

"Haya," mwenzangu akasema, "ibebe begani basi, utufikishe."

Abiria wakacheka. Mimi, ambaye hata msibani huwa nawachekesha watu, nikainamia spana. Tulingoja ipoe, tukaanza kufunga kamba mpya. Kila nikiinua kichwa namwona mzee kwenye ngazi, kofia mkononi, anaangalia jua linavyopanda. Bora angenitukana kwa Kinyakyusa chote alichonacho.

Tulipofika Manda jioni, dada yake alikuwa ameshazikwa. Udongo bado mbichi, majembe yameegemezwa mgombani. Mzee akapiga magoti pale, akausawazisha udongo kwa kiganja. Aliponyanyuka, shemeji zake wakamuuliza, "Mlikwama wapi?"

Nikafumba macho.

"Ziwa lilichafuka," baba mkwe akasema.

Ziwa siku ile lilikuwa limetulia kama chai kwenye sahani. Na yule mzee sijawahi kumsikia anaongeza hata chumvi kwenye habari.

"Huyu mkwe wangu kahangaika sana," akaendelea. "Mpeni kiti."

Wakaniletea kiti. Wakapanga foleni kunipa mkono, mmoja mmoja, "Pole na safari, pole sana." Nikawa naitikia, "Asante. Tumeshapoa."