Benchi la Mama Mkwe

Boti yangu nilikuwa nikibebea watalii Kendwa, na watalii wanapenda kukaa juu. Basi nikaongeza mbao mbili kila ubavu, nikajenga benchi la juu kule nyuma karibu na mashine, na juu ya benchi nikasimamisha paa. Boti ikawa nzito, mashine ikaanza kunywa petroli kupita kiasi. Nikatoa kitu nilichokiona hakina kazi, mawe ya farumi, ya kuitia boti uzito, yaliyolazwa chini kabisa kwenye mkuku tangu ilipoundwa.

Fundi aliyeiunda ni mtu wa Nungwi, nimesoma naye. Alipanda, watu wa ufukweni wakitazama, akaegemea ubavu mmoja kwa uzito wake wote, kisha akaachia. Boti ililala polepole, ikakaa hapo kidogo, ndipo ikarudi.

"Unaona ilivyotulia?" nikamwambia.

"Haikutulia. Inachelewa kurudi. Uzito umeutoa chini ukaupandisha juu. Rejesha mawe."

Nikamwambia ana wivu. Ndivyo nilivyo, ukinikosoa mbele ya watu sikusikii mpaka niumie.

Wiki ile ile kaka wa mke wangu alikuwa anaoa Tumbatu. Nikajitolea kuwavusha wanawake kutoka Mkokotoni, kumi kwa jumla, na mama mkwe wangu akiwa mbele yao. Wengine niliwakalisha mbele, kwenye mbao za kukalia. Yeye na dada zake wawili nikawapandisha kwenye benchi la juu, penye kivuli. Ningemweka wapi kwengine? Tangu nimuoe binti yake hatujapata kuzungumza zaidi ya "Shikamoo, mama" na "Marahaba, baba", mimi macho chini, yeye uso upande.

Katikati ya mkondo upepo ulikaza, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Nilitaka kuielekeza boti iyakabili, ikakataa. Nyuma kulikuwa kuzito, mbele kumeinuka, na upepo ukawa unaisukuma itakavyo. Wimbi likaja, boti ikalala. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Ikarudi. Nilielewa pale pale maneno ya fundi, na nilimchukia kwa kuwa alisema kweli.

"Kaeni chini sakafuni," nikawaambia wa mbele. Wakakaa. Wimbi la pili likatulaza tena, maji yakamwagika ndani. Sasa uzito uliobaki juu ulikuwa wale watatu, na dada zake wasingeshuka kabla yake.

Nilijua la kusema, lakini mdomo haukufunguka. Mtu hamuamrishi mkwewe, sembuse kumwambia akae kwenye maji machafu na nguo ya harusi. Nikamgeukia dada yake. "Mama mdogo, mwambie mama, kama hatojali, ashuke kidogo."

Mama mdogo alikuwa amefumba macho anasoma dua. Hakunisikia.

Nikaliona wimbi la tatu linakuja, kubwa kuliko yale mawili, na bado nilikuwa natafuta maneno ya adabu. Hilo ndilo linalonitia haya hadi leo.

"Mama, shuka! Kaa kwenye maji! Sasa hivi!"

Alinitazama usoni, mara ya kwanza katika maisha yetu. Kisha akateleza chini, akakaa kwenye maji, na dada zake wakamfuata. Wimbi lilitupiga. Boti ililala, na safari hii ikarudi mara moja. Nilihisi mpini wa mashine unanitii.

Tulifika Tumbatu. Wao walikwenda harusini kubadilisha nguo. Mimi nilibaki ufukweni na kanzu yangu nyeupe, nikang'oa paa na benchi, kisha nikaanza kuokota mawe na kuyapanga chini kwenye mkuku. Sikula hata pilau.

Alasiri walirudi. Mama mkwe aliyatazama yale mawe, akapanda, akatandika kanga yake sakafuni, akakaa. Nikainamisha macho kama kawaida yangu.

"Nitazame," akasema. Nikamtazama. "Ule ukelele wako nliungoja tangu wimbi la mwanzo. Mie nshaogopa zamani, nnakusikiliza wewe tu. Ukiniogopa mie kuliko bahari, baba, utakuja kunizika."

"Naam, mama," nikajibu, nikawasha mashine.