Safu Moja Nyuma ya Depite

Baba alikataa katakata kuzikwa Marekani. Alianza kusema hivyo wiki ile ile tulipofika mji wa Anoka kutoka kambi ya wakimbizi, na akarudia kila theluji ilipoanguka: "Mutu kwabo," yaani mtu huzikwa kwao. Nilimjibu, "Ndiyo, papa," nami nikijua fika kwamba kijiji chetu cha Kivu kiko mikononi mwa wenye bunduki na makaburi yetu yamegeuka vichaka.

Kiangazi kilipokuja akaanza kutembea kwenye makaburi yaliyo karibu na fleti yetu. Siku moja nilipomfuata na binti yangu, tulimkuta amepiga magoti, anang'oa magugu kwenye kaburi la mtu asiyemjua. Kwetu kaburi hupaliliwa na wajukuu, na likiachwa hivi hivi ni aibu ya ukoo mzima. Binti yangu akamsomea kibao cha kumbukumbu kilichosimama hapo. Marehemu alikuwa mwanasheria, aliyekuja angali kijana kutoka mashariki ya nchi, enzi za meli za mvuke. Walimchagua kuwa mbunge, akaenda Washington kupigania reli ifike huku, kisha rafiki yake mwenyewe akamwangusha kwenye uchaguzi. Akarudi kwenye ofisi yake ndogo. Watoto wake wote aliwazika hapa.

"Depite muzima!" Baba alisema. Ndivyo tunavyomwita mbunge. "Hakukuwa hata mutu wa kumurudisha kwabo?"

"Papa, reli alishaileta yeye mwenyewe, ingeweza kumrudisha. Labda hakutaka."

Akayatazama mawe madogo ya watoto kando ya kaburi.

"Batoto yake beko hapa. Angeenda wapi?"

Tangu siku hiyo hakutaja tena kurudishwa Kivu. Watu wa kanisa walisema mzee ametulia. Mimi ukimya ule uliniumiza kuliko madai yake yote.

Alifariki katikati ya baridi. Ilibidi ardhi ipashwe moto kwanza ndipo ichimbike, na tulipotupia udongo kila mtu kwa mkono wake, mabonge yaligonga jeneza kama mtu anayebisha hodi. Nililia kwa hasira.

Jiwe la kaburi lake bado hatujaweka. Wageni wakiniuliza alipolala, nawaambia watafute kaburi la depite, kisha wahesabu safu moja nyuma. Kila kiangazi nayapalilia makaburi yote mawili. Wanangu hunisubiri garini, na hakuna aliyewahi kushuka.