Daktari Alimpitisha Mume Wangu

Admin, nifiche. Tunduma ni kubwa, mji unaweza kuutaja, ila jina langu na la shule usiyaweke. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, na ni mpishi katika shule moja ya binafsi hapa mjini. Mume wangu ni dereva wa basi la shule hiyohiyo. Watu wanatuonea wivu, mke jikoni, mume kwenye usukani. Laiti wangejua ninavyoishi.

Mwaka jana nilianza kuona kitu. Tuko mezani, anaongea, ghafla ananyamaza katikati ya neno. Macho yamekaza ukutani, midomo inatafunatafuna na wala hana kitu mdomoni. Namwita, haitiki. Baada ya muda mfupi anarudi na kuniuliza mbona namkodolea macho. Mwanzoni nilimtania kwamba anawaza mchepuko wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Utani uliisha siku alipoganda hivyo akiwa ameshika kikombe cha chai ya moto. Chai yote ilimmwagikia mapajani, hakushtuka. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Nilimpigia mama mkwe, yuko kijijini Momba. Nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, hata baba yake alikuwa hivyohivyo. Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Usiyatoe nje, utamharibia mwenzio kazi." Kumbe ukoo mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi niliyeolewa.

Shule ilipokaribia kufunguliwa tulitumwa kupima afya, sisi wapishi, walinzi, matroni na madereva. Tulikwenda pamoja. Aliingia yeye kwanza, mimi nikabaki kwenye benchi nje, na mlango wenyewe ni pazia tu. Nilisikia wanampima presha, wanamsomesha herufi za ukutani, akazisoma zote. Kisha daktari akamuuliza, "Umewahi kuanguka au kupoteza fahamu?" Akajibu, "Hapana, daktari. Mimi mzima kabisa." Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeagiza soda. Alipotoka hakuniangalia. Mimi nilikutwa na typhoid, nikaambiwa nisiguse sufuria ya watoto mpaka nimalize dawa na kupimwa upya. Yeye karatasi yake iligongwa muhuri siku hiyohiyo.

Jioni nilimbembeleza twende hospitali kubwa, huo ni ugonjwa kama mwingine, una dawa. Akawa mkali. "Dereva akishatajiwa kifafa hapa mjini hapewi hata toroli. Unataka watoto wale nini?" Nikaenda kulaza watoto. Mnaoijua barabara yetu ya kwenda mpakani, malori yamepanga foleni upande mmoja na mengine yanakuja, mtaelewa kwa nini usingizi umenikimbia.

Lakini hilo si lililonifanya niandike. Mtoto wangu mkubwa yuko darasa la pili shuleni hapo, na tangu mwaka jana anakwenda kwa miguu na mimi. Baba yake alisema akimpakia, wazazi watasema anapendelea. Nikaona nimepata mume mwenye busara. Sasa mdogo wake ameanza chekechea, miguu yake mifupi, na asubuhi baridi ya huku mnaijua. Juzi nikamwomba, "Baba watoto, huyu mdogo mpakie tu, siti zipo." Alikuwa anafunga kamba za viatu, akaacha. Akasema taratibu, bila hasira yoyote, "Wanangu hawapandi gari ninaloendesha mimi." Kisha akachukua funguo, akatoka.

Nilibaki nimesimama pale jikoni mpaka uji ukaungua. Anajua. Siku zote amekuwa akijua, na amechagua watoto wa kuwaokoa, nao ni wa kwetu.

Nampenda, sitawadanganya. Hanipigi, halewi, mshahara wake wote unaingia ndani. Nikienda kwa mwalimu mkuu, kazi yake imekwisha, na sijui kama ndoa itabaki. Kwao watasema nimemuuza mume wangu. Nikikaa kimya, jirani yangu ana mapacha wanaopanda basi hilo. Jana aliniambia, "Dada, tangu wanangu wabebwe na shemeji, moyo wangu umetulia." Nikamjibu, "Tumshukuru Mungu." Nikaingia ndani, nikajifungia chooni, nikalia.

Leo asubuhi amepiga honi getini kwa jirani. Mapacha wakatoka mbio, wakapanda, mmoja akanipungia mkono dirishani. Mimi nilikuwa pembeni ya barabara nimewashika mikono wanangu wawili, tunatembea. Kesho atapiga honi tena. Ndugu zangu, niambieni hata kama ni neno la kuniumiza: nimwambie nani, na nianzeje?