Dada wa Mlangoni
Soweto hapa Mbeya, dukani kwa kijana anayetia sauti za Kiswahili kwenye filamu, mama mmoja aligoma kuondoka kaunta. Anafuatilia tamthilia ya zamani ya jumba la mizimu.

“Yule dada wa kazi ana macho ya mwenye nyumba, watengenezaji wamempa kufungua mlango tu. Mpe maneno!”

“Mama, mwenyewe hafumbui mdomo.”

“Si huwa unawasemea hata mbwa? Siondoki.” Akakunja mikono.

Kijana akasalimu amri, akashika maiki. Kwenye skrini dada akafungua mlango, mzimu akasimama kizingitini.

“Karibu,” dada akasema kwa mara ya kwanza, “ila vua viatu, nimedeki.”

Wasomaji, mzimu akatazama miguu yake. Jumba limepata mwenyewe.