Dua Yangu Magofuni Kua

Kiherehere changu, jamani! Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Shomari wa Baleni, jibu bado, nikamwalika kisiwani Juani tukatazame magofu ya Kua. Mtembeza wageni wetu aliporudi mtumbwini kufuata maji, nikajitia kujua. Niliona kidaka ukutani, nikadhani kibla.

"Mzee, huu ndio msikiti wao. Tuvue viatu, tutangulize mguu wa kulia."

Nikaomba dua ndefu yenye machozi, mzee akiitikia amina.

Mtembeza wageni akatukuta mikono juu. "Msikiti uko kule mbele! Hapo palikuwa choo."

Nikatamani ardhi inimeze. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

"Chooni mtu huingia kwa mguu wa kushoto, akatoka kwa wa kulia," akasema. "Haya, tangulia, mkwe."