Kitasa cha Mfalme

Mafunzo ya walimu siyapendi, na sijawahi kuficha. Nimefundisha historia Stockholm hadi wanafunzi wangu wa kwanza sasa wananiletea watoto wao, na bado kila Novemba tunakusanywa kwenye maktaba ya shule, Sundbyberg, tunapewa kahawa na maandazi ya mdalasini, kisha anakuja mtu kutufundisha kufundisha. Mwaka ule mada ilikuwa safari za wafalme wa Tudor, wale wa Uingereza ya zamani. Nilikaa karibu na mlango, tayari kutoroka.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kukaa mlangoni, nayo ni simu. Mama yangu, aliyekuja huku kusomea uuguzi nikiwa na miaka kumi, anaishi peke yake Bredäng, na alikuwa ameanza kusahau. Kaka yangu alitaka apelekwe kwenye makao ya wazee. Mimi nilikataa katakata. Mama husahau sufuria jikoni, nilisema, lakini akili yake ni timamu. Siku atakapoanza kuona watu wasiokuwepo, nitamfungia sanduku mwenyewe. Niliyasema hayo mbele ya ofisa wa manispaa, naye akayaandika. Tukakubaliana kwanza tujaribu hemtjänst, wale watu wanaokuja nyumbani kuwasaidia wazee.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, asiyetabasamu. Alitueleza jinsi msafara wa mfalme ulivyotembea majira ya joto, nyumba hadi nyumba, na jinsi mfalme mwenyewe alivyokuwa wa mwisho kufika. Kwanza walikuja watu wake. Walipita vyumbani bila kusema mengi, wakapima, wakaandika kwa chaki milangoni nani atalala wapi. Mwenye nyumba alihama chumba chake. Na yule mfalme aliyeoa wake sita, kwa kuogopa kuuawa usingizini, alisafiri na kitasa chake mwenyewe. Fundi alikifunga kwenye mlango wa chumba, na tangu hapo mwenye nyumba hakuweza tena kuufungua.

"Huletewi taarifa ili ukubali au ukatae," alisema. "Unaletewa ili ujiandae."

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikasema kwetu tuna methali, mgeni njoo mwenyeji apone, ila kwa hao wa Tudor naona mwenyeji ndiye aliyeugua. Wenzangu wakacheka. Nikaendelea, nikasimulia jinsi darasa la tatu, Tanga, tulivyopaka mawe ya barabarani chokaa siku tatu kwa ajili ya kiongozi mkubwa, tukasimama juani na bendera za karatasi. Mkufunzi hakucheka. Aliniuliza kama nilimwona.

"Hapana," nikasema. "Gari lilikuwa na mapazia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama daktari aliyesikia alichotarajia, akaanza kutugawia kazi ya vikundi. Hapo simu ikatetemeka. Nikatoka nje kwenye korido.

"Mwanangu, wamekuja," Mama alisema.

"Nani, Mama?"

"Watu wake. Wawili. Wamevua viatu kwa adabu, mmoja kaushika mlango, mwenzie kaupima. Wamekishughulikia kitasa."

"Watu wa nani?"

"Hawakumtaja, nami sikuuliza, mkubwa haulizwi. Wamesema kuanzia leo ataingia mwenyewe, hana haja ya kupiga hodi." Alikuwa akinong'ona. "Usiwe na wasiwasi. Nimeshahama chumbani. Nimetandika zile shuka nyeupe."

Nilijaribu kukumbuka kama nilikuwa nimemsimulia habari za kitasa cha mfalme. Lakini ningemsimuliaje, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimezisikia dakika ishirini tu zilizopita? Kupitia kioo cha mlango nilimwona mkufunzi akisambaza karatasi mezani, na kwenye kiti changu alikuwa ameshaweka moja. Sikurudi kuichukua. Nilivaa koti nikaondoka bila kuaga.

Kwenye treni niliogopa, na sioni aibu kusema. Niliogopa vitu viwili vinavyopingana. Niliogopa kwamba hakuna aliyekuja, maana hapo neno langu kwa ofisa lingetimia na Mama angeondoka nyumbani kwake. Na niliogopa kwamba kweli kuna aliyekuja. Nilipofika Bredäng ilikuwa saa tisa na nusu alasiri na giza lilikuwa limeshaingia, giza letu la Novemba lisilongoja mtu amalize siku yake. Nilipanda ngazi badala ya lifti kwa sababu sikutaka kusimama ndani ya kisanduku nikiwaza.

Nilifungua kwa ufunguo wangu. Ndani kulinukia udi. Taa zilikuwa zimezimwa, isipokuwa kijitaa kimoja cha kijani kilichowaka nyuma ya mlango, kikazima. Kwa upande wa ndani, juu ya kitasa, kulikuwa na kidude cheusi, kipya, ukubwa wa mche wa sabuni uliokatwa nusu. Nikakigusa. Kilikuwa baridi, na kilikuwa kweli.

Ndipo nikakumbuka barua. Nilikuwa nimeibeba mkobani wiki nzima bila kuifungua, maana barua za manispaa huwa nazifungua nikiwa na nguvu. Nikaisoma palepale kwa mwanga wa simu. Mafundi wangefika siku hiyo kufunga kitasa cha elektroniki, ili wahudumu wa hemtjänst waweze kuingia wenyewe. Chini ilisema kwamba wanafanya hivyo kwa idhini niliyoitia saini. Kumbe watangulizi hao niliwatuma mimi.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa juu ya viatu. Mama hakuona mizuka! Mama aliona mafundi, akasimulia sawasawa alichokiona, na aliyekosa ni mwalimu mzima asiyesoma barua. Furaha ilinijaa kifuani. Nikamwandikia kaka hapohapo kwamba Mama ana akili kuliko sisi wote wawili, na aache kabisa habari za makao ya wazee.

Kisha nikaingia sebuleni. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa sofa, amevaa gauni lake la sikukuu, blanketi na mto wake vimekunjwa kando.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Nimefika."

Akainuka, yeye ambaye magoti yanamtesa. Akavuta kanga juu ya kichwa, akakunja magoti kidogo, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kwa heshima na kwa hofu.

"Shikamoo," akasema.

Nilingoja acheke. Mama ni mtu wa utani. Lakini alibaki vilevile, ameinama, miguu ikimtetemeka, akisubiri. Simu ikalia mkononi mwangu: kaka alikuwa amejibu kwamba haya, nimeshinda, Mama abaki kwake.

"Marahaba," nikamjibu mama yangu.