Mama Niliyemsifu Mbele ya Wenzake

Kabla ya kufungua duka nilifundisha miaka tisa katika shule ya maternele, ya watoto wadogo, hapa Kamina. Nilitoka siku mkuu wa shule aliponiagiza nimfunge kitambaa mkono wa kushoto mtoto wa miaka mitatu, ili azoee kushika chaki kwa mkono wa kuume. Nilimwambia mtoto wa umri ule hana haja ya chaki. Ana haja ya udongo, maji, na mtu wa kumsikiliza. Akanijibu kwamba wazazi hawaleti watoto shuleni wachezee udongo. Hakusema uongo, wazazi wenyewe walikuwa wameniambia vilevile.

Nikafungua duka dogo kwenye njia ya kwenda sokoni. Niliuza vikwembe imara vya kubebea mtoto mgongoni, nepi za pamba za kufua, mafuta ya kokwa za mchikichi ya kumpaka mtoto, na unga wa uji wa mahindi, soya na karanga niliousaga mwenyewe. Nyuma ya pazia nilitandika mkeka, nikaweka vyungu vidogo na wanasesere wa vitambaa, watoto wakacheza huku mama zao wakipumzika. Kila Alhamisi wamama walikaa na mimi tukaongea. Niliwaambia ziwa la mama, mgongo na wimbo wa nyumbani si mambo ya ushamba. Mwongeleshe mtoto Kiluba kwanza, nilisema, Kiswahili atakiokota njiani, na Kifaransa kitamkuta akili imeshaamka. Mlangoni nilibandika karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa: hapa hatuuzi chupa za biberoni wala maziwa ya mkebe. Nilijivunia sana karatasi ile.

Siku moja alikuja mke wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi, amepanda pikipiki na binti yake wa miaka minne, na mgongoni amebeba mtoto mchanga wa kiume ambaye hajatimiza mwezi. Alikuwa mtu wa Kaniama, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Mume wake alikuwa ametumwa vitani upande wa mashariki kabla mtoto hajazaliwa. Ilikuwa Alhamisi, duka limejaa. Nilipoona alivyomfunga mtoto vizuri, kichwa kimetulia, miguu imekunjika inavyotakiwa, nikamsimamisha katikati. Nikawaambia wengine wamtazame: hana mume karibu, hana kitu, na bado anamlea mwanawe kwa ziwa lake tu. Akainamisha macho. Mimi nikadhani ni haya.

Akawa anakuja kila Alhamisi. Mtoto wake hakulia. Niliwaambia wamama kwamba anayebebwa hana sababu ya kulia, na nikamwonyesha kama mfano. Sikumfungua kikwembe nikamtazama mapaja. Mtu aliyeshika watoto wengi kama mimi angejua kwa kugusa tu kama anashiba.

Binti yake alikuwa anacheza nyuma ya pazia. Alhamisi moja nilimsikia. Alikuwa amempakata mwanasesere kifuani, kisha akamwondoa na kumlaza mkekani. Akamwambia taratibu, “Nyamaza. Maziwa haiko. Lala tu.”

Nilikuwa nawafundisha wamama kila wiki kwamba mchezo ndio mdomo wa mtoto. Asichoweza kukueleza atakicheza mbele ya macho yako. Nililisema hilo mara ngapi, sijui. Na siku ile nilicheka, nikawaita waje wasikie jinsi anavyojua kuiga watu wazima. Mama yake alicheka pamoja nasi.

Baadaye zikapita Alhamisi mbili bila yeye kufika. Jirani yake wa kambini alikuja kununua unga, na huku nikimfungia akaniambia kwamba mtoto wa yule mama alizikwa Jumatatu. Walimpeleka dispansari wakiwa wamechelewa. Muuguzi alisema alikonda kwa njaa.

Nilifunga duka nikaenda. Wanawake walikuwa wameketi chini mbele ya nyumba ya matofali, naye yuko katikati yao, halii. Niliketi pembeni yake. Kisha akaanza kunieleza mwenyewe, bila mimi kumwuliza. Maziwa yalikuwa yamekauka wiki ileile alipopata habari kwamba kikosi cha mumewe hakijulikani kiko wapi. Shemeji yake alimletea mkebe wa maziwa, akaurudisha. Alikuwa anampa mtoto ziwa tupu na maji ya uji kidogo, akingoja maziwa yarudi, kwa sababu mimi nilisema mama mwenye subira hayamkauki.

Nilikuwa nimesema hivyo. Maneno yalikuwa yangu kabisa.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

“Yaya, ningekwambia namna gani?” alisema, akiniita kama dada yake mkubwa. “Weye ulinisifu mbele ya bamama bote. Na ile karatasi ya kwenye mulango, minyi najua kusoma.”

Nilimwomba msamaha. Mama mkwe wake akaleta ugali wa bukari na mboga ya sombe, nikala, kwa sababu kukataa chakula cha watu wa msiba lingekuwa kosa juu ya kosa.

Karatasi niliibandua siku ileile. Alhamisi iliyofuata niliwaeleza wamama yote, na maneno yangu sikuyaficha. Wengine hawakurudi tena. Mmoja aliniambia usoni kwamba nimeua, mwingine akamgombeza. Nilitafuta mizani ya kupimia watoto, nikamwomba muuguzi awe anapita, na siku hizi kila mama namwona peke yake. Namwuliza kama maziwa yanatoka, kama analala, kama mume ameleta habari. Bado naamini ziwa linapita mkebe. Bado naamini chaki inaweza kusubiri. Ila siku hizi nayasema baada ya kusikiliza, na mara nyingine siyasemi kabisa.

Mwaka huu nilikutana na yule mama njiani karibu na stesheni ya treni. Habari za mume hazijafika mpaka leo. Binti yake alikuwa amevaa sare. Amemwandikisha shule ya kambini, wanakokalishwa kwenye madawati tangu asubuhi, mikono imekunjwa. Alinisalimia kwa heshima, akaniambia mtoto ameshajua kuandika jina lake. Yule mtoto alinitazama tu.

Nilisema ni vizuri. Neno jingine nilikuwa nalo, juu ya chaki na madawati, lakini mbele ya mama yule sikuwa tena mtu wa kulisema.